NGUO NNE ZA YOSEFU
Fundisho juu ya kazi, masengenyo na kuhukumu watu kwa macho

Masomo ya kusoma kwanza nyumbani: Mwanzo sura ya 37 na sura za 39 hadi 42, 1 Samweli 16:1-13, Danieli 6:1-5, Yakobo 2:1-9.

Shabaha ya fundisho: Tujue namna ya kukaa kazini kama watu wa Mungu, tunapohukumiwa kwa sura na pia tunapokuwa sisi wenyewe karibu kumhukumu mwingine.



Wengi wetu tunaamka kabla jua halijatoka, tunasali, kisha tunashika njia ya kazi. Wengine wanakwenda biro, wengine mgodini, wengine hospitali, wengine masomoni kufundisha watoto, wengine sokoni. Siku sita za juma tuko huko. Kanisani tunakuwa pamoja saa chache tu. Kwa hiyo ukitaka kujua imani ya mtu, usimsikilize siku ya ibada peke yake. Msikilize siku ya Jumanne, saa nne ya asubuhi, mbele ya meza ya mkubwa wake, wakati jina la mwenzake linapotajwa na mwenzake huyo hayupo.

Juu ya jambo hilo ninataka tujifunze pamoja. Nimetumika miaka mingi katika magazini ya kompani moja ambayo sitaitaja, na mengi ya haya nimeyaona kwa macho yangu.

1. KAZI ILE ISIYOANDIKWA

Kila mtumikaji ana kazi mbili. Ya kwanza imeandikwa katika mkataba wake: kuhesabu feza, kuendesha kamyo, kutunza vyombo, kuandika barua. Ya pili haikuandikwa mahali popote, nayo ni kujua nani ni mtu wa nani, nani anasikilizwa na direkta, nani amechukiwa, na neno gani lisisemwe mbele ya mlango gani. Watu wanaiita politiki ya kazi.

Inatoka wapi? Kwanza inatoka katika woga. Nafasi ni chache, na mwenye nafasi anaona kila mgeni kama mtu aliyekuja kumtoa kwenye kiti. Pili inatoka katika njaa. Mshahara ukichelewa mwezi wa kwanza, watu wanalalamika pamoja. Ukichelewa miezi mitatu, kila mmoja anaanza kuangalia sahani ya mwenzake na kuuliza: "Huyu anakula nini? Nani anampa?" Tatu inatoka kwa mkubwa asiyejua kazi yake vizuri. Kwa kuwa hawezi kupima kazi ya watu, anatafuta watu wa kumletea habari, na wenye midomo wanakuja mbio.

Alama zake mnazijua. Ni barua isiyo na sahihi, inayopitishwa chini ya mlango usiku. Ni mkutano uliogeuzwa saa, na ndugu mmoja hakuambiwa, ili afike wakati wenzake wamekwisha kukaa. Ni raporti iliyoandikwa na mdogo, ikapanda juu na jina la mkubwa. Ni lile neno "wanasema", neno lisilo na baba wala mama. Na mtu akipandishwa cheo, hawaulizi amefanya kazi gani; wanauliza amekwenda kwa mganga gani, na nani katika jamaa yake amekufa mwaka huo. Mama anaomboleza mtoto wake nyumbani, na kule kazini mtoto huyo amekwisha kuwa ushahidi.

Silaha ya kwanza ya politiki hii ni sura ya mtu: viatu vyake, jina lake, namna anavyosema Kifaransa, mtaa anakotoka. Ni silaha rahisi. Kupima kazi ya mtu kunaomba mwaka mzima. Kuangalia viatu vyake kunaomba kufumba na kufumbua.

2. NGUO NNE

Tusome sasa habari za Yosefu. Wengi tunamkumbuka juu ya ndoto zake. Leo tufuate mavazi yake.

Nguo ya kwanza ni ile kanzu nzuri aliyopewa na baba yake (Mwanzo 37:3). Yosefu alikuwa na miaka 17. Ndugu zake waliiona kanzu na wakamchukia mwenye kuivaa. Kisha wakamwuza kwa vipande 20 vya feza, wakachovya kanzu katika damu ya mbuzi, wakampelekea mzee. Tazameni: hawakusema kwamba mtoto amekufa. Waliuliza tu kama baba anaitambua nguo. Mzee akaiona damu, akamaliza mwenyewe hadithi iliyobaki. Alilia miaka mingi juu ya mtu aliye hai. Hivi ndivyo masengenyo yenye ujuzi yanavyofanya hata leo. Msengenyaji hasemi jambo lote. Anakuonyesha kitambaa tu, nawe unashona uongo mwenyewe.

Nguo ya pili ni vazi la kazini. Katika nyumba ya Potifa Yosefu alitumika vizuri mpaka akapewa kuangalia mali yote. Mke wa bwana wake akamtaka; Yosefu akakataa, akakimbia, akaacha vazi mkononi mwa yule mama (39:12). Vazi likawekwa mezani kama ushahidi. Maandiko hayatuambii kwamba Potifa alimwuliza Yosefu hata swali moja. Kazi ya miaka ilikuwa mbele yake, hesabu zilikuwa sawa, nyumba ilikuwa imebarikiwa. Lakini nguo moja ilishinda yote, na Yosefu akaingia gerezani.

Nguo ya tatu ni nguo ya gereza. Hapo mtu angesema: sasa huyu amekwisha. Tazameni alichofanya. Asubuhi moja aliwaona wale watumishi wawili wa Farao, mnyweshaji na mwokaji, nyuso zao zimekunjamana. Hakusema moyoni: "Hawa ni watu wa ikulu, wamezoea kuiba, acha wateseke." Aliwauliza sababu gani wana huzuni siku ile (40:7). Hapa ndipo kiini cha fundisho letu. Yosefu naye aliangalia sura. Lakini aliiangalia ili apate swali. Na swali lile dogo ndilo lililofungua mlango wa gereza, hata kama mnyweshaji alimsahau miaka miwili mizima.

Nguo ya nne ni kitani safi, pamoja na pete na mkufu wa zahabu, alivyovikwa na Farao (41:42). Alikuwa na miaka 30. Hesabuni, ni miaka 13 tangu walipomvua kanzu ile ya kwanza. Ndugu zake wakaja kununua chakula, wakasimama mbele yake, na hawakumjua (42:8). Walipoiona kanzu hawakumwona ndugu; walipokiona kitani, vilevile hawakumwona. Kwa mavazi yote manne, macho ya watu yalikosea mara zote nne. Mtu aliyekuwa ndani alikuwa ni yule yule.

Ndiyo maana Samweli, aliyekuwa nabii kweli, alipomwona Eliabu mrefu na mzuri, naye alidhani amemwona mfalme. Mungu akamzuia. Vijana saba wakapita, na aliyechaguliwa alikuwa bado porini na kondoo. Hata baba yake hakuona sababu ya kumwita. Kama jicho la nabii linaweza kukosea, langu na lako yatakuwaje?

3. NCHI YETU NASI TUMEPITA HAPO

Wapendwa, jambo hili halikubaki katika Maandiko. Nchi yetu imelipa bei kubwa juu yake.

Wakati wa Wabelgiji, mwaka 1948, serikali ilileta karata ya heshima kwa Wakongo waliohesabiwa kuwa "wameendelea", na mwaka 1952 ikaweka cheti cha juu zaidi kilichoitwa imatrikulasio. Mwenye kuomba alichunguzwa mpaka nyumbani kwake: meza, sahani na uma, usafi wa choo, namna anavyokula na mke wake. Waliopata cheti hicho walikuwa wachache sana. Karani mmoja wa posta kule Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, alikataliwa mara ya kwanza, akapata mwaka 1954. Jina lake lilikuwa Patrice Lumumba. Miaka 6 baadaye, mwaka 1960, alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi. Wale waliohesabu uma mezani kwake, wangejuaje habari hiyo kwa kuhesabu uma?

Kisha tukawa huru, na sisi wenyewe tukapima watu kwa nguo. Katika miaka ya 1970, wakati wa "otantisite", kostimu na kravati vilikatazwa, na vazi la abakosti likawa alama ya mtu mwema wa nchi. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na kravati zikarudi. Siku chache tu, walewale waliopiga makofi katika abakosti walikuwa wanafunga kravati na kujiita watu wa mageuzi. Shingo iligeuka, moyo ulibaki palepale. Aliyekuwa mwaminifu ndani ya abakosti alibaki mwaminifu, na mwizi alibaki mwizi.

Jambo la tatu ni zito, na ninalisema kwa heshima ya waliokufa. Kuanzia Agosti 1992, katika Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule, watu wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa, kwanza Lubumbashi na Likasi, na mwezi wa Machi 1993 Kolwezi. Wengi walikuwa watumikaji wa migodi na wa reli, na wengi wao walizaliwa papo hapo Katanga. Walilala majuma na miezi katika gari-moshi na masomo, wakingoja treni. Watoto na wazee walikufa kwa magonjwa na njaa, pale gari na njiani. Nani aliuliza kama fulani alikuwa fundi mzuri? Jina lilitosha.

Kwa nini ninakumbusha jambo hili katika fundisho juu ya biro na magazini? Kwa sababu halikuanzia njiani. Moto ule uliwashwa na wanasiasa, lakini kuni zilikuwa zimekauka kazini kwa miaka: "Nafasi zote wamechukua wao." "Shefu anapandisha watu wa kwao tu." "Ukiona jina lake, umekwisha kumjua." Maneno madogo ya saa ya mapumziko. Aliyeyasema labda hakumpiga mtu hata mmoja, na siku ile alilia pamoja na jirani yake aliyefunga mizigo. Lakini kuni zake zilikuwa pale.

4. NILIYOYAONA MAGAZINI

Niwaeleze mambo mawili. Majina ninayaacha.

La kwanza. Katika kompani yetu mipira mipya ya kamyo ilipotea. Lawama ilimwangukia kijana mmoja msaidizi wa magazini. Alikuwa mtoto wa watu maskini. Shati lake lilikuwa na viraka, na kila mwisho wa mwezi alikuwa na deni. Watu walisema: "Mwenye njaa ndiye mwizi." Alisimamishwa kazi kabla ya uchunguzi kuanza. Mkubwa wa usafiri, aliyevaa vizuri na kusema Kifaransa cha redio, ndiye aliyewekwa kuongoza uchunguzi.

Kwenye lango letu kulikuwa na zamu mmoja mzee. Buti zake zilikuwa zimeshonwa kwa waya. Hakuna aliyemwuliza kitu, kwa kuwa walidhani hajui kusoma. Juma la tatu, mzee wa sendika alikaa naye kivulini akamwambia: "Baba, wewe unalala hapa; umeona nini?" Mzee akatoa kaye ya watoto wa masomo chini ya kiti chake. Ndani, kwa maandiko makubwa, alikuwa ameandika kila kamyo iliyotoka, siku, saa na jina la aliyeamuru. Siku moja ya Mungu, saa kumi ya alfajiri, kamyo ilitoka imefunikwa. Aliyeamuru alikuwa yule yule mkubwa wa usafiri, na sahihi yake ilikuwa pale.

Mwenye sendika akamwuliza kwa nini hakusema mbele. Mzee akajibu: "Mwanangu, kaye ilikuwa hapa. Nani alikuja kuuliza?"

Msidhani mambo yaliishia kwa furaha kamili. Kijana alirudishwa kazini, lakini siku zile za kusimamishwa hazikulipwa, na mtoto wake alipoteza robo ya mwaka wa masomo. Mkubwa wa usafiri hakufungwa. Alihamishwa mahali pengine. Ndivyo ilivyo katika dunia hii. Lakini tangu siku ile hakuna aliyepita langoni bila kumsalimu mzee.

La pili. Ilikuja mama mmoja kutumika kwenye kesi. Alivaa vizuri sana, pagne za maua mazuri, kila juma mshono mpya. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amepewa jina: "biro ya pili ya direkta." Watu wote walijua, na hakuna aliyeona. Aliposalimu, wengine walicheka nyuma ya mkono. Yeye aliendelea kuhesabu feza, na kesi yake ilifungwa sawasawa kila jioni. Baadaye, mishahara ilipokatika, ndipo tulipoelewa: mama huyu alikuwa mshonaji. Alishona usiku kwa taa ya mafuta, nguo zake na za watu, ili alishe watoto wanne aliobaki nao baada ya kufiwa. Wakati ule wa shida aliwafundisha wake za watumikaji wenzake kushona, na kati yao walikuwemo wake za wale waliomcheka.

Nimechagua mambo haya mawili kwa makusudi. Katika la kwanza walimdharau mwenye viraka. Katika la pili walimchafua mwenye nguo nzuri. Sisi watu wa kanisa tunajua kukataza dharau juu ya maskini, na Yakobo 2 tunaisoma mara nyingi. Lakini mara nyingine tunadhani mwenye kupendeza lazima ana dhambi, na mwenye matambara lazima ni mtakatifu. Hiyo nayo ni hukumu ya macho. Kiraka hakithibitishi wizi, wala hakithibitishi utakatifu.

5. WEWE UNAYEHUKUMIWA, UFANYE NINI?

Pengine unasoma fundisho hili na jina lako liko mdomoni mwa watu leo. Pokea shauri hili.

a) Fanya kazi yako iweze kuonekana. Danieli alikuwa mmoja wa wakubwa watatu juu ya maliwali 120. Wenzake walitafuta kosa katika kazi yake, hawakulipata, mpaka wakaenda kutafuta katika sala zake. Hesabu safi ni ukuta. Andika unachopokea na unachotoa, omba sahihi, tunza nakala. Zamu yule hakuwa na cheo, alikuwa na kaye.

b) Usizime masengenyo kwa masengenyo. Ukijua nani anasema, mwendee mwenyewe, ninyi wawili, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18. Asiposikia, chukua mtu wa pili. Mara nyingi mtu wa "wanasema" hawezi kulirudia neno lake mbele ya uso wako.

c) Uvumilivu si kunyamaza daima. Paulo alipofungwa ili apigwe mijeledi, aliwakumbusha askari kwamba yeye ni raia wa Roma (Matendo 22:25). Sheria si adui wa imani. Nchi yetu ina Sheria ya Kazi ya mwaka 2002. Kuna mjumbe wa sendika, kuna Enspeksio ya Kazi. Ukinyimwa haki, piga hodi huko kwa adabu na kwa maandiko. Unapodai haki yako bila matusi, hujatoka katika njia ya Bwana.

d) Usiilete biro nyumbani. Baba anatukanwa na shefu saa tisa, saa kumi na mbili anamtukana mama, saa moja mama anampiga mtoto, na mtoto hamjui hata huyo shefu. Uovu wa kazini ukome mlangoni pako. Vua viatu pamoja nao.

e) Ukingoja, tumika. Yosefu hakukaa gerezani akihesabu siku tu. Alishika kazi ya gereza. Mwaka 2003, watumikaji zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Watu waliokuwa mafundi na wakubwa wa timu walianza kulima, kuuza unga, kusukuma baisikeli ya makaa, na wengine wakachekwa barabarani na watoto waliowaona wamevaa kofia za kazi. Waliosimama tena ni wale waliokubali kwamba jembe halipunguzi mtu. Kwa hiyo ukimwona leo mzee anasukuma gunia la makaa, msalimu kwa heshima. Hujui ni mitambo gani mikono ile iliwahi kuendesha.

f) Mungu akikuinua, usilipize. Siku Yosefu alipokuwa na kitani na pete, ndugu zake walikuwa mkononi mwake. Aliwapa chakula. Mtu aliyeumizwa na politiki ya kazi, akipata kiti, anajaribiwa kufanya yaleyale kwa wengine. Hapo ndipo tunajua kama mateso yalimfundisha au yalimharibu.

6. NA WEWE ULIYE KARIBU KUHUKUMU

Torati ilikataza kumhukumu mtu kwa shahidi mmoja tu (Kumbukumbu 19:15). Jicho lako ni shahidi mmoja. Kabla ya kusema neno juu ya mwenzako, jiulize maswali haya matatu:

Kwanza: Nimeona, au nimesikia tu?
Pili: Nimemwuliza mwenyewe?
Tatu: Nikikosea, nani atalipa?

Swali la tatu ndilo linalosahauliwa. Katika habari ya mipira ya kamyo, waliosema "mwenye njaa ndiye mwizi" hawakulipa hata franka moja. Aliyelipa ni mtoto aliyekaa nyumbani bila masomo.

Ninyi mlio wakubwa wa kazi, sikieni nanyi. Barua isiyo na sahihi isiwe mwisho wa uchunguzi. Ikiwa ina jambo zito, tafuteni ukweli wake kwa njia iliyo wazi, na mshitakiwa asikilizwe. Msimpe nafasi anayewaletea habari kila asubuhi kuliko anayewaletea kazi kila jioni. Mtu wa chini muulizeni. Yuko karibu na lango kuliko ninyi.

Sisi wa nchi ya shaba tungepaswa kulijua jambo hili kuliko watu wote. Mgeni akifika mgodini anapenda jiwe la kijani, malakiti, linalong'aa vizuri. Jiwe jeusi linalofanana na makaa anaweza kulikanyaga. Lakini wachimbaji wa Kolwezi wanajua kwamba katika weusi ule ndimo kobalti inamokaa, madini yanayotafutwa na dunia nzima. Nao hawauzi kwa rangi. Jiwe linapondwa, linapimwa, ndipo bei inatajwa. Tunalipa jiwe heshima ya kulipima kabla ya kusema bei yake. Mtu, aliye sura ya Mungu, tunamtajia bei akiwa bado mlangoni.

Tena wapendwa, siku ya ibada tukiwa na mavazi yetu meupe, direkta na zamu hawatofautiki. Wanapiga magoti juu ya udongo mmoja. Jumatatu kila mmoja anavaa yake. Basi Jumatatu hiyo, aliye mkubwa amwite mwenzake "ndugu" kwa sauti ileile ya jana.

7. MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1) Katika nguo nne za Yosefu, ni ipi inayofanana na hali yako kazini leo? Kwa nini?
2) Kuna tofauti gani kati ya uvumilivu wa Yosefu na kunyamaza kwa woga?
3) Ni maneno gani madogo tunayosema juu ya watu wa asili nyingine, ambayo yanaweza kuwa kuni za moto?
4) Katika kanisa letu hapa, mgeni mwenye matambara na mgeni mwenye gari wanapokelewa namna gani? Semeni ukweli.
5) Juma hili, ni nani kazini kwako ambaye hujamwuliza neno hata moja tangu umjue? Mwendee, msalimu, muulize habari zake.

NENO LA KUSHIKA: Jicho tumepewa ili lizae swali. Hukumu ingoje jibu.

SALA: Ee Mungu wetu, wewe uliyemwona Daudi porini na Yosefu gerezani, wakati watu hawakuwaona, tufungue macho. Mtie nguvu anayesengenywa leo, asiache kazi njema. Shika mdomo wa mwenye kutaka kusema asilolijua. Wakumbuke waliokufa njiani juu ya majina yao, uwape watoto wao nafasi ya kukaa kwa amani. Amina.

Amani ya Bwana ikae nanyi nyumbani na kazini.